Upara si ugonjwa, na si kila kunyonyoka nywele ni upara

Ukipita sokoni siku ya soko, iwe Masisi au Walikale, mara nyingi utamkuta mchuuzi wa dawa na kipaza sauti chake. Ana dawa ya minyoo, dawa ya mgongo, dawa ya nguvu za kiume, na kwenye meza hiyo hiyo kuna kikopo cha kuotesha nywele. Picha iliyobandikwa juu ya kikopo ni ya mwanaume mmoja katika hali mbili: kushoto ana upara, kulia ana nywele tele. Mteja aliyesimama mbele ya meza haulizwi umri wake, wala nywele zilianza kutoka lini, wala nyumbani kwake wanakula mara ngapi kwa siku. Anaulizwa jambo moja tu: Papa, una faranga ngapi?

Msimamo wetu katika tahariri hii ni huu. Upara wa wanaume ni hali ya maumbile, si ugonjwa. Una matibabu machache yanayosaidia, yote ni ya muda mrefu, na hakuna hata moja linaloumaliza. Lakini nywele zinaweza pia kunyonyoka kwa sababu ya ugonjwa wa kweli, au kwa sababu ya njaa, na katika vijiji vyetu mambo hayo mawili yana haraka kuliko upara. Anayeyachanganya hupoteza pesa, na wakati mwingine huchelewa kumwokoa mtoto.

Tunajua kuna watakaotushangaa. Mwisho wa Januari 2025 mji wa Goma uliingia mikononi mwa M23 na uwanja wake wa ndege ukafungwa. Mwezi wa pili kambi za wakimbizi wa ndani zilizouzunguka mji zikavunjwa, na maelfu ya familia zikashika tena njia ya Sake kurudi Masisi. Mwezi wa tatu wapiganaji waliingia Walikale-centre, wakaondoka mwanzoni mwa mwezi wa nne. Baada ya yote hayo, gazeti linakaa chini kuandika juu ya vichwa vya wanaume?

Ndiyo, na kwa sababu hiyo hiyo. Pale ambapo hospitali iko mbali, barabara ni tope na mfuko hauna kitu, kila faranga inayotumika vibaya inauma mara mbili. Na pale ambapo hakuna mkaguzi wa dawa, ndipo kila kikopo kinapopata mnunuzi. Biashara ya dawa za uongo haikuletwa na vita, ila vita vimeifungulia mlango. Zaidi ya hapo, mwanaume anayetaka kupendeza hana kosa. Tangu zamani Mkongomani ameheshimu usafi, nguo iliyopigwa pasi na kichwa kilichonyolewa vizuri. Tunachokataa ni yeye kudanganywa.

Upara unatoka wapi

Kichwa cha mtu kina nywele zipatazo 100,000. Kila unywele hukua kwa miaka kadhaa, hupumzika miezi michache, kisha hutoka na kuuachia nafasi mwingine. Ndiyo maana mtu mwenye afya njema hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku bila mtu yeyote kuona pengo. Kwa mwanaume aliyerithi upara, mashina ya nywele za mbele na za utosini hudhoofishwa na homoni iitwayo dihidrotestosteroni, ambayo mwili huitengeneza kutokana na homoni ya kiume, testosteroni. Kila unywele unaporudi huwa mwembamba na mfupi zaidi kuliko uliotangulia, mpaka ngozi inaonekana tupu. Nywele za kisogoni na za juu ya masikio hazisumbuliwi sana na homoni hiyo. Ndizo zinazobaki kama ukanda nyuma ya kichwa cha mzee.

Ujuzi huu una historia yake. Mwaka 1942 mtafiti Mmarekani James Hamilton alionyesha kwamba wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe hawapati upara, lakini baadhi yao wakipewa testosteroni, upara huanza. Mwaka 1974 daktari Julianne Imperato-McGinley na wenzake walieleza habari za familia za Jamhuri ya Dominika ambamo baadhi ya watoto wa kiume walizaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachotengeneza dihidrotestosteroni. Watoto hao walipokua na kuwa watu wazima hawakupata upara, na tezi dume zao zilibaki ndogo. Kutoka hapo watafiti wakaanza kutafuta kidonge cha kukizuia kimeng'enya hicho.

Kwa hiyo upara hauletwi na kofia, wala sabuni, wala kuoga maji ya baridi, wala ulozi wa jirani. Hauletwi na kufikiri sana. Mtu huurithi kutoka upande wa baba na upande wa mama pia. Kijana asiangalie kichwa cha baba tu, amwangalie na mjomba wake.

Na upara hauonyeshi utajiri, ingawa kwetu watu hupenda kusema kwa kicheko kwamba mwenye kipara ana pesa. Mzaha huo uliwahi kugeuka msiba. Mwezi wa sita 2017, polisi wa jimbo la Zambezia nchini Msumbiji waliwaonya wanaume wenye upara wajihadhari baada ya wenzao kadhaa kuuawa wilayani Milange, kwa imani kwamba kichwa cha namna hiyo kina dhahabu ndani yake. Sisi tunaoishi juu ya dhahabu, koltani na kasiteriti, tunaojua watu wanavyoweza kufanya kwa ajili ya utajiri wa haraka, tusiiache imani kama hiyo ikaota mizizi hapa.

Matibabu yaliyopo na gharama yake

Dawa ya kwanza ni minoksidili. Ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu. Wagonjwa waliokitumia wakaota nywele mahali wasipotarajia, ndipo watengenezaji wakaigeuza kuwa dawa ya kupaka. Marekani iliiruhusu kwa wanaume wenye upara mwaka 1988. Leo ile ya asilimia 5 ndiyo inayotumiwa zaidi na wanaume: mililita 1 asubuhi na mililita 1 jioni, juu ya ngozi kavu isiyo na vidonda. Katika wiki za kwanza nywele zinaweza kutoka zaidi kuliko kabla, na wengi hukata tamaa hapo. Matokeo huonekana baada ya miezi 4 hadi 6, kwa baadhi ya watu tu, na husaidia zaidi kwa kijana ambaye nywele zake zimeanza kupungua kuliko kwa mzee ambaye utosi wake umekuwa laini kwa miaka 20.

Fanya hesabu sasa. Chupa ya kawaida ina mililita 60. Kwa mililita 2 kwa siku, inaisha kwa siku 30. Ni chupa 12 kwa mwaka, mwaka hata mwaka, kwa sababu ukiacha, nywele zilizorudi hutoka tena ndani ya miezi michache. Nani Nyabiondo au Mubi ana uhakika kwamba mwezi ujao njia itakuwa wazi na chupa itafika? Anayeanza dawa hii bila uhakika wa kuendelea ananunua nywele za mkopo. Tena dawa hii inaweza kuwasha ngozi, kuotesha nywele usoni, na kwa wengine kuleta kizunguzungu au moyo kwenda mbio. Mtoto akiinywa ni hatari kubwa. Katika nyumba ya chumba kimoja, ambamo watoto wanalala pale pale vitu vinapowekwa, jambo hili si dogo.

Dawa ya pili ni finasteridi, ndicho kile kidonge kilichotafutwa. Kwanza ilitumika kwa tezi dume iliyovimba, miligramu 5 kwa siku. Kisha mwaka 1997 Marekani ikaruhusu miligramu 1 kwa siku kwa ajili ya upara. Kwa wanaume wengi huzuia nywele zisiendelee kupotea, na kwa baadhi hurudisha kiasi. Nayo ni ya kila siku bila kuacha.

Lakini madhara yake lazima mtu aambiwe kabla ya kulipa. Katika majaribio ya mwanzo, karibu wanaume 4 kati ya 100 walipata shida katika mambo ya unyumba, wakati miongoni mwa waliopewa kidonge kisicho na dawa walikuwa 2 kati ya 100. Mwezi wa tano 2025, shirika la dawa la Umoja wa Ulaya lilithibitisha kwamba mawazo ya kutaka kujiua ni mojawapo ya madhara ya finasteridi. Kwa watu ambao wamekimbia mara tatu, mara nne, waliozika ndugu, na ambao hawana mtu wa kuzungumza naye kuhusu huzuni yao, onyo hilo lina uzito wa pekee. Mwanamke mwenye mimba asishike kidonge kilichovunjika au kusagwa, kwa sababu kinaweza kuharibu viungo vya mtoto wa kiume tumboni. Na mzee anayekitumia amwambie daktari anapopimwa damu kuangalia saratani ya tezi dume, maana finasteridi hushusha namba ya kipimo hicho karibu nusu, na ugonjwa unaweza kujificha nyuma ya namba nzuri.

Njia ya tatu ni kuhamisha nywele: daktari anachukua nywele za kisogoni pamoja na mashina yake na kuzipanda mbele. Istanbul imekuwa soko kubwa la kazi hiyo duniani. Ni upasuaji wa kweli, na gharama yake kwa mwananchi wa kawaida wa Masisi ni ya kuota. Hata kwa mwenye uwezo kuna jambo la kufahamu: shina la unywele wetu limejipinda chini ya ngozi, kwa hiyo daktari asiye na mazoea na nywele za Waafrika anaweza kuyakata mashina wakati wa kuyang'oa. Na ngozi inayoota makovu manene baada ya jeraha inaweza kufanya hivyo kichwani pia.

Zipo na njia nyingine: sindano za majimaji ya damu ya mtu mwenyewe, kofia zenye mwanga maalumu. Matokeo yake yanatofautiana na bei yake iko juu. Ama vitunguu, tangawizi, mafuta ya nyonyo na majani mbalimbali yanayosifiwa kwenye simu, hakuna kilichothibitishwa kurudisha nywele za mwenye upara wa kurithi. Mafuta hulainisha nywele zilizopo. Hayafufui shina lililokwisha kusinyaa.

Ipo njia ya mwisho, nayo ni wembe. Mwanaume mwenye kichwa kilichonyolewa safi hana cha kuficha, na hakuna anayemwona mgonjwa. Kofia imkinge na jua la mlimani, basi. Tunaitaja njia hii bila mzaha: kwa wanaume wengi wa huku ndiyo bora, kwa bei na kwa afya.

Nywele zinapoleta habari nyingine

Sasa tuje kwenye jambo lililotufanya tuandike. Upara wa kurithi una desturi yake: huja polepole kwa miaka, huanzia kwenye paji la uso au utosini, hauwashi, hauumi, hautoi magamba wala usaha. Ukiona kinachokwenda kinyume na hapo, usiite upara.

Anza na mtoto. Mtoto ambaye nywele zake zinageuka nyekundu, zinakuwa nyembamba na kung'oka kwa kuvutwa kidogo bila yeye kulia, ambaye miguu yake yote miwili imevimba na uso umenuna, hana shida ya nywele. Ana bwaki. Jina hilo hakuna mzazi wa Kivu asiyelijua. Bibi zetu walilitumia kabla daktari hajafika na neno lake la kwashiorkor. Mwanzoni mwa 2025, karibu watu milioni 28 nchini Kongo walihesabiwa kuwa na njaa kali, na mikoa ya mashariki ilikuwa miongoni mwa iliyoumia zaidi. Mtoto huyo hahitaji mafuta ya kichwa. Anahitaji kupelekwa kituo cha afya leo, si siku ya soko ijayo. Mhudumu atambonyeza miguu kuona kama kidole kinaacha shimo, atampima mkono kwa mkanda: kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, chini ya milimita 115 ni hatari. Na uvimbe wa miguu yote miwili unatosha peke yake kumhesabu mtoto kuwa mgonjwa mahututi wa utapiamlo, hata kama mkono unaonekana mnene.

Kuna mapunye, yale mabaka ya duara yenye magamba na nywele zilizokatika, yanayopita kutoka kichwa cha mtoto hadi kingine darasani na kwa kinyozi. Ni kuvu. Mafuta ya kupaka peke yake hayatoshi, kwa sababu kuvu imeingia ndani ya shina la unywele. Panahitajika vidonge kwa wiki kadhaa, kama vile griseofulvini, kwa kipimo cha uzito wa mtoto.

Kuna kaswende. Katika hatua yake ya pili inaweza kung'oa nywele vipande vipande, kichwa kikaonekana kama nguo iliyoliwa na nondo. Katika sehemu za machimbo, ambako vijana wengi wanaishi mbali na wake zao, mhudumu wa afya anapaswa kuikumbuka. Hutibiwa kwa sindano ya penisilini, dawa ya zamani na ya bei nafuu. Mwanaume anayepaka mafuta juu ya kaswende anaibeba hadi nyumbani.

Na kuna kunyonyoka kunakofuata mateso ya mwili. Miezi miwili au mitatu baada ya homa kali ya tifoidi au malaria, baada ya kujifungua, baada ya upasuaji, baada ya kukimbia vita na kulala njaa, nywele nyingi hutoka kwa wakati mmoja, kichwa chote. Mtu huziona kwenye kitana na kwenye mto, anaogopa. Kwa kawaida chanzo kikiisha na chakula kikipatikana, nywele hurudi zenyewe ndani ya miezi sita hivi.

Hapo ndipo mchuuzi anapopata ushuhuda wake. Mtu alinyonyoka baada ya tifoidi, akanunua kikopo, akapaka miezi mitatu, nywele zikarudi. Anaapa mbele ya watu kwamba dawa inaponya, na hasemi uongo kuhusu alichokiona. Nywele zingerudi hata kama angepaka maji ya mvua. Lakini jirani yake mwenye upara wa kurithi amesikia, naye anauza kuku wawili ili anunue kikopo kile kile. Hivyo ndivyo dawa isiyofanya kazi inavyoweza kuishi sokoni miaka na miaka, ikitetewa na watu waaminifu.

Kikopo na kiti cha kinyozi

Kisicho na faida mara nyingine kina madhara. Mafuta mengi yanayouzwa bila maelezo huwa na steroidi kali ndani yake, zile zile zinazowekwa kwenye mafuta ya kujichubua. Siku za kwanza zinatuliza mwasho na mteja anafurahi. Kwa matumizi ya muda mrefu ngozi inakuwa nyembamba, chunusi zinaota, na kuvu iliyokuwapo inasambaa chini yake. Anayeficha orodha ya vitu vilivyomo ndani ya kikopo ana sababu ya kuificha.

Kiti cha kinyozi nacho kina habari yake. Vipele vigumu vya kisogoni, vinavyowasumbua vijana wengi na hatimaye kugeuka makovu manene yasiyoota nywele, huchochewa na kunyoa karibu mno na ngozi. Dawa ya kwanza ni kumwambia kinyozi aache nywele fupi badala ya kukwangua, na kwenda kwa mhudumu vipele vikiwa bado vidogo. Wembe mmoja kwa vichwa viwili ni hatari kubwa zaidi: virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, na UKIMWI nao hupita kwenye damu. Kinyozi anayebadilisha wembe kwa kila mteja na kusafisha mashine yake kwa dawa anafanya kazi ya afya, hata kama hana shahada ukutani.

Tunachotaka kifanyike

Kwanza, kwa wewe msomaji. Kabla ya kutoa pesa kwa ajili ya nywele, jiulize maswali matatu. Je, zilitoka polepole kwa miaka, au ghafla kwa wiki? Je, ngozi inawasha, inatoa magamba au usaha, au ina vidonda? Je, kuna mtu mwingine nyumbani, hasa mtoto, mwenye dalili kama hizo, au ambaye amekonda au kuvimba? Kama ni polepole, bila mwasho, na wewe ni mwanaume mtu mzima, ni upara. Una haki ya kuutibu ukiwa na uwezo, na una haki ya kuuacha. Kama jibu ni tofauti, njia yako ni ya kituo cha afya, si ya sokoni.

Pili, kwa wauguzi na wenye maduka ya dawa. Mwanaume akija kuuliza dawa ya nywele, msimwuzie wala msimfukuze kwa kicheko. Mtazameni kichwa, mwulizeni habari za nyumbani. Aibu ya mwanaume huyo inaweza kuwa ndiyo iliyomleta kituoni kwa mara ya kwanza katika miaka mitano, na hapo hapo mnaweza kumpima shinikizo la damu na kumwambia alete watoto wapimwe mkono. Finasteridi isitoke dukani bila maelezo ya madhara yake.

Tatu, kwa madaktari wakuu wa maeneo ya afya ya Masisi na Walikale, na kwa yeyote anayeshika madaraka pale walipo. Nchi yetu ina mamlaka ya udhibiti wa dawa, ACOREP, lakini Kinshasa iko mbali na meza ya soko. Bila kungoja amani, inawezekana kuanza na machache: wenye soko wakubaliane kwamba dawa isiyo na jina la mtengenezaji, tarehe ya kuisha muda na orodha ya vilivyomo haitandazwi mezani. Hilo halihitaji bajeti, linahitaji wazee wa soko na mhudumu mmoja wa afya anayepita siku ya soko. Wale wahamasishaji wa jamii tunaowaita reko wanaweza kuongeza sentensi moja katika ziara zao: nywele za mtoto zikibadilika rangi, mlete.

Nne, kwa serikali na wafadhili. Mwezi wa tano 2025, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuyatambua magonjwa ya ngozi kuwa suala la kipaumbele cha afya ya umma. Azimio hilo lisiishie Geneva. Moshi, nchini Tanzania, tangu 1992 kuna kituo cha kufundisha wahudumu wa afya wa Afrika juu ya magonjwa ya ngozi, na Kongo imekuwa mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Kwa nini kila mwaka wasipelekwe huko wauguzi wawili, mmoja wa Masisi na mmoja wa Walikale? Masomo ni kwa Kiingereza na wetu wamesoma kwa Kifaransa. Hicho ni kikwazo, lakini si ukuta. Mgonjwa wa Moshi na mgonjwa wa Pinga wote wanaeleza mwasho wao kwa Kiswahili.

Tano, kwa redio zetu na sisi wenyewe wa magazeti. Tangazo la dawa ya kuotesha nywele linalipiwa, na katika siku ngumu hizi kila faranga ya tangazo inavutia. Tuseme hadharani: chombo cha habari kinachosoma tangazo la kikopo kisichojulikana kimo ndani ya wizi huo. Muda huo huo wa hewani upewe muuguzi aeleze bwaki, mapunye na kaswende kwa maneno ambayo mama wa Kitchanga anayaelewa.

Papa, upara wako utakungoja. Hata ukiuacha mwaka mzima bila kuutazama, hautakudhuru. Lakini jioni hii, kabla giza halijaingia, mwite mwanao mdogo mwangani, utazame rangi ya nywele zake, kisha ubonyeze mguu wake kwa kidole gumba. Kidole kikiacha shimo, pesa uliyoiweka kwa ajili ya kikopo iwe nauli ya motari kwenda kituo cha afya.